Nyanya zilinyauka zikiwa kijani, njia ya simiti nayo ikapasuka

BARUA

Mama, pokea salamu zangu. Nimesoma majibu yako kwa muda mrefu, na leo nimeona niandike kwa sababu mambo yamenizidi.

Nina miaka 34 na watoto wawili. Naishi Nyamasaria, ukitoka mjini Kisumu kwa barabara ya Ahero. Mume wangu anafanya kazi Mombasa, nyumbani huja Pasaka na Desemba. Ploti yetu ni ya futi 50 kwa 100. Nyumba tulimaliza mwaka juzi, ila uwanja ulibaki pori. Mwaka jana, Septemba, tulizungumza kwa simu tukapatana kwamba yeye atatuma pesa kidogo kidogo, mimi nitatoa nguvu. Nitengeneze njia ya simiti kutoka lango hadi mlango wa jikoni, na nyuma ya nyumba nilime nyanya za kuuza soko la Kibuye, ili karo ya muhula wa pili itoke humo.

Mama, nilifanya kazi. Ardhi ya huku ni ule udongo mweusi. Kiangazi, jembe linaruka kama umepiga mwamba, ikabidi niazime sururu. Mvua ikinyesha, unashika gambuti hadi mguu unatoka na kiatu kinabaki. Nilikuwa nachimba kabla watoto hawajaamka, na jioni tena nikishawapa chakula. Jirani yangu mwenye mbuzi alinipa samadi bila kuniuza, nikaibeba kwa wilbaro safari 62. Najua ni 62 kwa sababu kila kitu nimekiandika kwenye daftari, hata nauli ya kwenda kununua miche. Mikono yangu ilitoka malengelenge yakapasuka yakawa sugu.

Njia tulimwaga Januari. Fundi aliweka mchanga kidogo juu ya ardhi kisha zege, urefu wa mita 22, upana wa mita 1. Wakati huo ardhi ilikuwa na nyufa zinazoweza kumeza kiganja changu. Nilimuuliza, akasema zege litaziba. Tulitumia shilingi 31,000.

Machi, mvua ilipoanza, nilipanda miche 400 ya nyanya. Ilishika vizuri sana, watu wakipita wanasimama kuangalia. Ilipoanza kuzaa, matunda ya kwanza yakiwa kama ndimu, nikaona mmea mmoja umelegea saa nane mchana. Jioni ukainuka. Kesho yake mitatu ikalegea. Siku ya tatu wa kwanza haukuinuka tena, lakini majani yalikuwa bado kijani kabisa, kama mtu aliyemwagia maji ya moto. Nikazidisha maji. Nikanyunyizia dawa ya ukungu mara tatu. Nikapalilia mstari baada ya mstari ili mizizi ipate hewa. Kwa wiki tatu nilikuwa nahesabu maiti. Kati ya 400 imebaki 17, karibu na ua, na hiyo nayo leo miwili imeanza kulegea. Iliyokufa niliing'oa nikaitupa kwenye shimo la mboji ili angalau inipe mbolea.

Mwezi wa Aprili njia nayo ikapasuka. Ufa umepita katikati kwa urefu, kama mstari wa kugawanya nywele, na kingo zimeinuka. Mtoto wangu mdogo alijikwaa hapo akapasuka mdomo.

Nilipomweleza mume wangu alinyamaza hadi nikadhani simu imekatika. Kisha akasema, "Basi umetwanga maji kwenye kinu." Sijalala vizuri tangu siku hiyo. Shemeji yangu anayeishi karibu anasema hiyo sehemu ya nyuma apewe ajenge vyumba vya kupangisha, maana mimi imenishinda. Mama mkwe alikuja, akaangalia mistari mitupu, akauliza samadi ilitoka wapi. Nilipomwambia akasema mtu hakupi kitu bure, kuna aliyekuonea kijicho. Mimi ni mtu wa kanisa, lakini neno likishaingia halitoki. Jirani akinisalimu siku hizi najibu nikiangalia chini.

Nina maswali. Muuza mbegu amenishauri nipande managu na biringanya hapo hapo kwa sababu ni ngumu kufa. Nifanye hivyo? Njia nayo, fundi anasema tumwage simiti nyingine juu. Nikubali? Na mume wangu nimwambie nini? Nimechoka, Mama. Kuna wakati nafikiri ni kweli imenishinda.

Msomaji wako, Nyamasaria


JIBU

Mwanangu, managu usiyapande hapo. Biringanya pia usipande. Hilo nalitanguliza kwa sababu kama mbegu umeshanunua, huenda unasubiri tu mvua ya jioni.

Nyanya, managu, biringanya, pilipili, pilipili hoho na viazi vya kizungu ni ukoo mmoja. Ukiangalia ua la managu na ua la nyanya utaona sura ya familia: vidole vitano vya petali na katikati kimdomo cha njano. Ugonjwa unaoua mmoja wao mara nyingi unawajua ndugu zake wote. Wakulima wengi huku kwetu wakishapoteza nyanya huhamia managu, ile osuga ya Wajaluo, wakiamini wamebadilisha mazao. Kumbe ni ukoo uleule umeletewa mgonjwa mwingine kitandani.

Sasa nataka ufanye jambo moja leo, kabla hiyo miwili inayolegea haijakauka. Chukua glasi safi isiyo na maua wala rangi, ujaze maji safi ya kunywa. Kata mmoja kati ya hiyo miwili karibu na ardhi kwa kisu, kisha ukate kipande cha shina chenye urefu wa kidole. Tazama pale ulipokata. Kama ndani ya shina, kuzunguka ule moyo, kuna mviringo wa rangi ya kahawia, tayari umeona kitu. Halafu kibane kipande hicho kwa kibanio cha nguo, ukilaze kibanio juu ya mdomo wa glasi, ncha ya chini ya shina iguse maji tu. Usitikise. Weka glasi dirishani, nyuma yake uweke kitambaa cheusi. Kaa hapo na watoto mwangalie. Kama ni kile ninachokishuku, dakika chache hazitapita kabla hujaona uzi mwembamba mweupe ukishuka kutoka kwenye shina, polepole, kama tone la maziwa linavyoshuka ndani ya maji. Baada ya muda maji yote yatakuwa na ukungu.

Huo uzi ni bakteria, mamilioni. Ugonjwa unaitwa mnyauko bakteria, na dalili ulizoziandika ni zake karibu neno kwa neno: mmea unalegea mchana na kuinuka jioni, kisha siku moja hauinuki, na majani yanakufa yakiwa bado kijani. Bakteria hao wanaishi ardhini, wanaingia kwa mizizi, wanazaliana ndani ya mishipa inayopandisha maji hadi inaziba. Mmea unakufa kwa kiu huku umesimama kwenye matope.

Kwa hiyo uone jinsi mambo uliyoyafanya kwa nia njema yalivyokwenda. Dawa ya ukungu haikusaidia kwa sababu huyu si ukungu, na hata dawa ingekuwa nyingine, kunyunyizia majani hakumfikii aliye ndani ya mshipa. Maji uliyozidisha yalimbeba kutoka shina hadi shina, kwa kuwa anapenda joto na unyevunyevu na anasafiri na maji yanayotiririka. Jembe ulilopitisha mstari baada ya mstari lilijeruhi mizizi na kumfungulia mlango, kisha likambeba kwenye udongo ulioshika chuma. Hivyo ndivyo karibu kila mkulima angefanya. Mmea ukilegea mkono unakimbilia maji, na ni mkono mzuri huo. Ila hapa ulikuwa unamlisha adui, na hakukuwa na aliyekuambia.

Ikiwa maji ya glasi yatabaki angavu hata baada ya nusu saa, tafuta kwingine. Mnyauko wa ukungu huanza na majani ya chini kugeuka njano, mara nyingi upande mmoja wa mmea, na haukimbii hivi. Udongo mweusi nao ukijaa maji huzamisha mizizi: ing'oe utaikuta imeoza, myeusi, inanuka. Vyovyote itakavyokuwa, peleka mmea mzima na mizizi yake kwa afisa wa kilimo wa wadi yenu. Kituo cha KALRO, wale watafiti wa kilimo wa serikali, kilichoko Kibos nacho hakiko mbali nawe. Funga mmea vizuri, udongo usimwagike njiani.

Sasa kuhusu jirani.

Bakteria huyu huja na miche, huja na maji yanayopita kutoka shamba la juu, huja na udongo ulioganda kwenye jembe la kuazima na kwenye gambuti, au anakuwa amekaa ardhini tangu kabla hamjanunua. Anaweza kungoja ardhini miaka kadhaa akijificha kwenye magugu ya ukoo wa nyanya, hata ndulele zile za njiani. Kijicho hakimo kwenye orodha hiyo. Mama mkwe namheshimu, ni mzazi, na amesema alichosema kwa sababu aliona kazi ya mke wa mwanawe imekufa mbele ya macho yake na akatafuta mkono uliofanya hivyo. Lakini huyo jirani alikupa wilbaro 62 za samadi ambazo angeweza kuziuza. Mwite aje aione hiyo glasi. Mwite na mama mkwe pia, kama anaweza kufika, wakae pamoja dirishani. Huhitaji kueleza mengi wala kuomba msamaha kwa maneno marefu. Mwambie jirani, "Nilitaka uone kilichoua nyanya zangu," kisha umpe chai. Na umwambie kama analima nyanya asiazime jembe lako kwa sasa.

Kazi za bustani zilizobaki si nyingi. Hiyo 17 ing'oe yote, hata ile inayoonekana nzima, pamoja na udongo ulioshika mizizi, na uibebe kwenye gunia bila kuburuta. Kwenye shimo la mboji toa kila shina la nyanya unaloliona. Shimo la nyumbani halipati joto la kutosha kila pembe kuua kitu hiki, na ukirudisha mboji hiyo bustanini utakuwa umepanda ugonjwa upya kwa mkono wako. Yaanike yakauke kabisa mahali ambapo maji ya mvua hayarudi shambani, kisha uyachome. Mboji itakayobaki ipe miti ya kivuli. Sururu, jembe na gambuti visugue kwa maji na sabuni hadi tope lote litoke, kisha uvisuuze kwa maji yenye ile dawa ya kung'arisha nguo nyeupe.

Halafu panda. Ndiyo, hapo hapo, ila mazao ya ukoo mwingine. Samadi yako ya wilbaro 62 iko ardhini bado, mwanangu. Haikufa na nyanya. Mchimbo wako uko bado, magugu uliyong'oa hayapo. Sukuma wiki, kunde, saga (dek yenu hiyo), mchicha, vitunguu na mahindi vitaikuta ardhi iliyolimwa na kulishwa vizuri kuliko ploti nyingi za hapo Nyamasaria. Kunde na saga unaanza kuchuma baada ya wiki chache tu, na Kibuye hakuna siku mtu anakosa kununua mboga za kienyeji. Karo ya muhula huu imepita, lakini ya muhula ujao unaweza kuigusa. Inua matuta ya kimo cha sentimita 30 hivi na uchimbe mifereji katikati, mizizi isikae ndani ya maji Aprili ikirudi.

Nyanya usizirudishe kwenye udongo huo kwa miaka kadhaa. Kama roho inazitaka, na naelewa, jaribu magunia 10. Udongo uutoe mahali ambapo ukoo huo haujawahi kupandwa, gunia likae juu ya mawe au mbao lisiguse ardhi ya bustani, na maji ya bustani yasilifikie. Siku hizi kuna pia miche ya nyanya iliyopachikwa kwenye shina la biringanya pori linalostahimili mnyauko. Ni ghali kuliko ya kawaida, kwa hiyo anza na michache sana.

Njia ya simiti nayo ina habari ndefu kidogo, na nitaanza na yangu.

Mwaka 2010, wakati serikali ilipokuwa inachimba mabwawa ya samaki nchi nzima, mimi na marehemu mume wangu tuliona tusingoje kuchimbiwa. Tulikuwa Nakuru. Tulichimba bwawa la mita 10 kwa 15 kwa mikono, mwezi mzima, yeye akichimba na mimi nikitoa udongo kwa karai. Tulileta maji kwa boza mara mbili. Jioni ya siku ya kwanza tulisimama ukingoni tumeshikana mikono, tukiangalia anga ndani ya maji yetu. Siku ya tatu asubuhi palikuwa na matope ya kufika kwenye vifundo vya miguu, basi. Udongo wa kule ni wa majivu ya volkano, mwepesi, una vinyweleo, na maji yalipita ndani yake kama kwenye chujio. Ulihitaji kufunikwa kwa mfinyanzi uliopondwapondwa au kwa karatasi nzito ya bwawa. Shimo moja la kufika gotini, ndoo tatu za maji na usiku mmoja wa kungoja vingetuambia hivyo kabla ya kuchimba chochote. Mume wangu hakuongea siku mbili. Nilidhani ana hasira na mimi, kwa sababu wazo lilikuwa langu. Baadaye aliniambia alikuwa anaona aibu kwamba alileta boza la pili. Lile shimo tulilijaza takataka za jikoni na samadi tukapanda migomba. Ipo hadi leo.

Udongo wenu wa Kano, ile tambarare iliyo huko kwenu, ni kinyume chake kabisa. Hauachi maji yaende. Ni mfinyanzi wa aina inayokunywa maji ikavimba na kukauka ikasinyaa, kila mwaka, bila kuchoka. Zile nyufa za kumeza kiganja ulizoziona Januari ndiko kusinyaa kwenyewe. Zege lilimwagwa juu ya ardhi iliyokuwa imejikunyata kabisa. Mvua ilipokuja, maji yalipenya kwanza kwenye kingo mbili za njia, udongo wa pale ukavimba na kuinua kingo, huku katikati, chini ya zege, kukiwa bado kukavu na chini. Zege halipindi. Likapasuka kwa urefu, kama ulivyosema mwenyewe, kama mstari wa kugawanya nywele.

Ndiyo maana ukimwaga simiti nyingine juu, mwakani utakuwa na ufa uleule kwenye zege nene zaidi, na pesa zaidi ndani yake. Mkatalie fundi. Kama hana kazi nyingine, mpe hii: avunje hilo zege vipande vipande na kuviweka kando, vina kazi. Kisha achimbe udongo mweusi utoke, kina cha sentimita 30 hadi 45, na upana uzidi njia kidogo pande zote mbili. Vile vipande vya zege viingie chini kama mawe ya msingi. Juu yake maramu, ile changarawe nyekundu ya barabara, kwa matabaka: unamwaga kidogo, unanyunyizia maji, unashindilia hadi kisigino hakiachi alama, ndipo unamwaga tena. Juu kabisa weka mchanga, na juu ya mchanga kabro, yale matofali ya zege ya kutandaza chini, au vigae vidogo vya zege vyenye nafasi ya mchanga kati yake. Usimwage kipande kimoja kirefu. Huko Kano udongo mweusi unaweza kwenda chini sana, hutaumaliza wote kwa kuchimba, kwa hiyo njia yako itasogea kidogo kila msimu. Kabro ikisogea unaiinua, unasawazisha mchanga, unairudisha, kazi ya asubuhi moja na huhitaji fundi.

Na uangalie maji ya paa yanaangukia wapi. Nadhani yanadondoka kando ya njia. Weka mfereji wa paa na tangi hata dogo, au chimba mtaro wa kuyapeleka mbali na nyumba. Hilo lina faida kwa njia na kwa kuta pia. Zunguka nyumba yako leo: ukiona ufa unaotoka kwenye pembe ya dirisha na kushuka kwa mshazari, usiufiche kwa plasta. Mwite mtu aliyesomea ujenzi auone. Mikaratusi pia usipande karibu na nyumba, inanyonya maji chini ya msingi na kuzidisha kule kusinyaa.

Kabla hujatumia pesa hizo zote, kwa sasa vunja tu ile sehemu ambapo mtoto alijikwaa na ujaze maramu. Njia iliyobaki inaweza kungoja Desemba.

Hapo tunafika kwa mume wako. Neno lake liliuma, najua. Kinu ukikitwanga maji mwaka mzima, ukifunua hukuti hata chenga. Kwako kuna ardhi iliyolimwa, samadi ndani yake, kokoto na mawe ya msingi yaliyolipiwa tayari, na daftari. Mtu aliye mbali haoni hivyo. Anaona pesa alizotuma na sauti ya mkewe ikisema zimekwisha. Huenda alinyamaza akifanya hesabu ya karo, na huenda kama mume wangu alikuwa anajilaumu pia, kwa sababu mpango mlipatana wawili na hakuna kati yenu aliyeuliza udongo. Usimtetee wala usijitetee. Piga picha ya video ya ile glasi, tangu unapoweka shina hadi maji yanapogeuka, umtumie bila maneno mengi. Atakupigia. Ndipo umsomee daftari lako, ukurasa kwa ukurasa, pamoja na hizo safari 62, kwa sauti ya kawaida. Umwambie pia kwamba lile neno lilikunyima usingizi. Hilo analihitaji kulijua, na hawezi kulijua kutoka Mombasa usipomwambia.

Shemeji mjibu kwa heshima na kwa ufupi: "Shemeji, hilo tutalizungumza ndugu yako akija Desemba." Usiingie kwenye mabishano ya kushindwa na kutoshindwa. Ila akikazana, muulize atachimba msingi kina gani, kwa sababu vyumba vyake vitakaa juu ya udongo uleule uliopasua njia yako, na kuta hazina uvumilivu wa kabro.

Umeandika kwamba kuna wakati unafikiri imekushinda. Nimesoma barua yako mara tatu. Mwanamke aliyehesabu wilbaro, aliyeona saa nane mchana kuwa mmea mmoja kati ya 400 umelegea, aliyeona kwamba kingo ndizo zilizoinuka na ufa ukapita katikati: macho hayo ndiyo yaliyoniwezesha kukujibu nikiwa mbali. Siwezi kusema hivyo kwa kila barua ninayoipokea.

Lala mapema leo. Kesho asubuhi, kabla ya jua kuwaka, sia mbegu za kunde kwenye sehemu ambayo hukuwahi kuifikia na nyanya. Na ukishakata lile shina, niandikie uniambie maji yalikuwaje.